Watu 22,258 na Kiti Kimoja Bungeni

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Wagawe kwa maeneo bunge 290 tuliyo nayo, kila kiti kinaangukia watu 164,015. Hicho ndicho kipimo. Shuka nacho sasa mpaka pembe ya mwisho ya ramani, pale pwani yetu inapokutana na ya Somalia, ulinganishe na eneo bunge letu la Lamu Mashariki: watu 22,258. Hata sehemu moja ya saba hatufikishi.

Nasema hatufikishi, ingawa mimi mwenyewe simo katika hesabu hiyo. Usiku wa sensa nililala Mombasa, chumba cha kupanga huko Majengo, na karani akaniandika hapo hapo. Ndugu zangu wengine waliandikwa Malindi, mjomba Ukunda. Bibi mzaa mama, aliyezaliwa bara ya Kiunga, alihesabiwa kisiwani Pate. Kwa hiyo mtu anaponionyesha ile 22,258 kama ushahidi kwamba kwetu hakuna watu, huwa namwambia atafute kwanza watu wenyewe walikwenda wapi.

Hesabu yenyewe haina kosa, na sitaki kujifanya inalo. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, imeweka kipimo na imeweka nafasi ya kupungua na kuzidi: asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 30 kwa kwingineko. Tupewe basi ile nafasi kubwa. Asilimia 60 ya 164,015 ni watu 98,409. Chini ya hapo eneo bunge halistahili kuwapo. Lamu Magharibi ina watu 121,662, inapita bila wasiwasi. Sisi tumebaki nje kabisa.

Kuna wanaosema: chorani mpaka upya ndani ya kaunti, mwapunguze wa Magharibi mwawaongeze Mashariki, mambo yatasawazika. Nilikaa na kalamu nikajaribu. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920. Ukiigawa katikati kwa haki, kila upande unapata watu 71,960, na hapo mmeangusha viti viwili badala ya kimoja. Hakuna namna ya kuukata mpaka ambayo Lamu itapata wabunge wawili wa maeneo bunge kwa hesabu hiyo. Kaunti nzima, kuanzia Witu hadi Ishakani, haijazi hata kipimo cha kiti kimoja. Kwa mtu aliyekaa ofisini Nairobi na karatasi yake, jibu liko wazi: unganisha Mashariki na Magharibi, upate eneo bunge moja la asilimia 88 ya kipimo, safi, funga faili.

Kilichotuokoa mara iliyopita ni sentensi moja. Katika Jedwali la Sita la Katiba, sehemu ya 27, imeandikwa kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasisababishe kupotea kwa eneo bunge lililokuwapo. Tume ya mipaka iliyoongozwa na Andrew Ligale ilikuwa imeshapita na ripoti yake, ikasukumana na kila mtu, kisha IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, chini ya Isaack Hassan ikamaliza kazi mwaka 2012. Viti vikapanda kutoka 210 hadi 290, kesi zikamiminika mahakamani, na yale maeneo madogo yakabaki kwa nguvu ya sentensi ile. Hatukuwa peke yetu kwenye kapu. Tulikuwa na Budalangi, Wundanyi, tena Othaya ya Rais Kibaki mwenyewe, Tetu, Mukurweini, Kangema, Mathioya. Nadhani tulikuwa na bahati ya majirani kapuni. Kama orodha ile ingekuwa ya Lamu na watu wa jangwani peke yao, sijui sentensi ile ingeandikwa.

Lakini soma vizuri: mapitio ya kwanza. Ya pili hayamo.

Na ya pili yamechelewa tayari. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kwa kuhesabu kutoka Machi 2012, muda uliisha Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake walikuwa wameondoka, na makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wengi kwetu walipumua. Mimi naona tumeahirishiwa tu.

Turudi kwenye ramani, maana wengi wanaobishana juu ya kiti hiki hawajapata kufika. Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Magharibi ina saba. Faza imechukua kisiwa cha Pate, chenye Pate yenyewe, Siyu, Tchundwa, Mbwajumwali, Kizingitini, na Faza mjini. Halafu kuna visiwa vidogo vya Ndau na Kiwayu, kisha bara inayopanda kaskazini hadi Kiunga na Ishakani, mpakani. Ndani ya msitu ndiko Basuba, nchi ya Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni: vijiji vya Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe. Juu yao ni Ijara, kaunti ya Garissa.

Mji wa Lamu hauko Mashariki. Uko Magharibi, pamoja na Shela, Manda, Mokowe, Mpeketoni na Witu. Kwa hiyo mtu wa Kizingitini mwenye shida ya makao makuu ya kaunti anavuka kwa boti kuingia eneo bunge la mwenziwe. Njia ya ndani hupita mlango wa Mkanda, na Mkanda una masharti yake: maji yakijaa unapita, yakitoka unangoja au unazunguka nje ya Manda kwenye bahari kuu. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Agosti kwetu kusi bado haijakata. Aliyeiandika tarehe hiyo sidhani aliwahi kulowa mawimbi ya Manda Toto. Mwaka 2017, siku chache baada ya kura, boti iliyobeba jamaa wa mwanasiasa mmoja ilizama kwenye maji hayo na wengi wakafa. Mpaka leo watu wakitaja uchaguzi ule, huanza na msiba kabla ya matokeo.

Basuba nako, karatasi za kura hupelekwa kwa ndege ya jeshi. Barabara ya msituni ilitegwa mabomu mara nyingi tangu mashambulizi ya al-Shabaab ya 2014, serikali ikaanzisha operesheni ya Linda Boni Septemba 2015, na shule za vijiji vile zilikaa zimefungwa kwa miaka. Mpiga kura wa Mararani ameona helikopta ya debe kabla ya kuona mwalimu. Sasa chukua kipimo cha 164,015 umwekee yeye mezani.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo.

Wazee wetu hawakuishi visiwani tu. Bara yote ile, kutoka Dodori kwenda juu, ilikuwa na vijiji vya Wabajuni na mashamba yao: Rubu, Mvundeni, Ishakani, na vingine ambavyo leo ni minazi na magofu ya misikiti. Watu walikuwa na nyumba mbili, ya kisiwani na ya bara, wakivuka kwenda kulima na kurudi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya iungane na Somalia, vilivunja maisha hayo. Waliokuwa bara walikimbilia visiwani, wengine hawakusimama hapo, wakateremka Lamu, Malindi, Mombasa. Bibi yangu alikuwa msichana. Anavyosimulia, waliondoka usiku, wakaacha mtama shambani na kuku, na mama yake aliamini watarudi baada ya msimu mmoja. Waaweer nao walikusanywa wakapangwa vijijini kando ya barabara, halafu miaka ya 1970 uwindaji ukapigwa marufuku na misitu yao ikawa hifadhi ya wanyama. Hifadhi ya Dodori, hifadhi ya bahari ya Kiunga. Kwenye ramani ya watalii ni rangi ya kijani inayopendeza.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, upande wa Magharibi, serikali ilifungua mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, ikaleta familia kutoka bara ya mbali, ikawapimia ardhi na kuwapa hati. Sina ugomvi na waliokuja. Wengi walikuwa maskini kama sisi, na watoto wao wamezaliwa Lamu, ni watu wa Lamu. Nasema tu kwamba mkono ni ule ule mmoja: upande huu uliacha vijiji vikafa bila kuvirudisha, upande ule ukapanda watu wapya. Matunda yake yameonekana kwenye sensa. Kati ya 2009 na 2019 Lamu Magharibi ilitoka watu 82,698 ikafika 121,662. Ongezeko peke yake ni watu 38,964, wengi kuliko Lamu Mashariki nzima. Sisi tulitoka 18,841, tukaongezeka 3,417. Na bado bandari mpya ya Lamu haijakolea. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 hapo Kililana, nalo liko Magharibi. Wavuvi waliopoteza sehemu zao za kuvulia, ambao Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76, wamo wengi wa kwetu. Ajira zikija zitawavuta vijana wetu wavuke mpaka, na sensa ijayo itawahesabia huko.

Kwa hiyo serikali ikija kesho kuniambia kiti kinafutwa kwa sababu watu ni wachache, itakuwa inanidai mara ya pili kwa hasara iliyonitia yenyewe.

Na kiti hicho tumekitumiaje? Swali la haki, na majibu hayapendezi yote.

Katika eneo dogo kila kura ina jina. Mgombea wa Lamu Mashariki hajui wapiga kura kwa maelfu, anawajua kwa nyumba. Anajua nani kaoa kwa nani, nani ana deni la mashine ya boti, nani hajasamehe jambo la mwaka fulani. Kampeni zetu ni nzuri kuziona, boti zimejaa bendera, wanawake wanaimba na kupiga vugo, sufuria za pilau hazipoi. Lakini udogo huo una upande wake mchafu. Kabla ya daftari kufungwa utasikia mazungumzo ya kuhamisha kura. Watu wanaoishi Mombasa na Malindi, watu kama mimi, wanafuatwa wajiandikishe nyumbani, nauli juu ya mgombea, na kitu kidogo cha sabuni. Ukiwahamisha watu mia tatu Changamwe hakuna atakayejua. Ukiwahamishia Faza umebadilisha uchaguzi. Nimefuatwa pia. Nauli nilikataa, ila nilikwenda nikajiandikisha kwa pesa yangu, maana naona kura yangu ina kazi zaidi huko kuliko Mvita.

Halafu kuna umiji. Faza wana wao, Kizingitini wana wao, Siyu na Pate kila mmoja ana kinyongo cha kale kuliko Kenya yenyewe. Chama hubadilishwa kama kanzu. Abu Chiaba alikuwa mbunge wetu kwa tiketi ya KANU, na mwaka 2007, wakati KANU kwingine ilikuwa imebaki jina, alirudi nayo Bungeni. 2013 akawa seneta wa Lamu kwa TNA. Sharif Athman akashika kiti baada yake, vipindi viwili. Nani alikuwa kwenye chama gani, muulize mpiga kura wa Mbwajumwali, atafikiri kwanza. Ukoo na mji wa mgombea atakutajia kabla hujamaliza swali.

Ndiyo maana uchaguzi wa Agosti 2022 ulinishangaza kwa furaha. Ruweida Obo, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, aliacha kiti kile akaja kugombea ubunge wa Lamu Mashariki kwa Jubilee, akashinda. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kwetu. Nilikuwa kwenye kikundi cha simu cha jamaa usiku ule. Wazee walionyamaza wiki nzima, waliokuwa wakisema bahari si ya wanawake sembuse Bunge, walianza kutuma pongezi kabla ya saa sita. Mmoja akaandika kwamba alijua tangu zamani. Haya.

Matokeo ya kaunti nayo yanafundisha kitu kuhusu kura chache. Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Gavana Issa Timamy kwa kura 82. Themanini na mbili, kaunti nzima! Kesi ilipelekwa mahakamani, ushindi ukabaki ulivyo, na Timamy alingoja hadi 2022 akarudi. Kura 82 ni boti chache tu za abiria. Mwaka ule hakuna mtu wa Nairobi aliyesema kwamba Lamu Mashariki ni ndogo. Kila mgombea wa ugavana alikuwa amevuka Mkanda, amekaa mkekani Tchundwa, amekunywa kahawa.

Ndicho kinachowatisha watu wetu kuhusu kuunganishwa. Tazama kiti cha Lamu Magharibi: Twaha alikishika zamani, 2013 kikaenda kwa Julius Ndegwa, 2017 na 2022 kwa Stanley Muthama. Wapiga kura wamebadilika, na wamechagua wanayemtaka, ni haki yao. Lakini changanya watu 22,258 ndani ya 121,662, halafu niambie ni lini tena mvuvi wa Kiwayu atasikika. Mgombea mwenye akili atapiga kampeni Mpeketoni, Hongwe na Hindi, kwenye barabara ya lami, arudi kulala nyumbani kwake. Mafuta ya boti ya kwenda Kiunga na kurudi yatakuwa hasara isiyo na kura.

Wanaotupinga wana hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni pesa. Mgao wa NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, hugawiwa karibu sawa kwa kila eneo bunge. Kwa kila kichwa, basi, mwanafunzi wa Faza anapata basari nono kuliko mwenziwe wa mtaa uliosongamana Nairobi. Kweli. Na ukweli mwingine mchungu ni kwamba pamoja na mgao huo wa miaka yote, bado kuna vijiji vinakunywa maji ya jabia, mvua ikikatika wanalia. Pesa za mtu mmoja kwetu ni nyingi. Kazi zinazoonekana si nyingi kiasi hicho, na wabunge wetu wana maswali ya kujibu. Ila mfuko wa saruji unaoondoka Mokowe hupakiwa jahazini, hushushwa Mtangawanda, hupandishwa gari au punda, na ukifika Kizingitini bei yake si ile tena. Kwenda Kiunga usiseme. Kipimo cha watu kinahesabu vichwa, hakihesabu maji yaliyo katikati yao. Katiba yenyewe, kifungu kile kile cha 89, inaitaja jiografia, historia ya watu na njia za mawasiliano kama mambo ya kuangaliwa wakati wa kuchora mpaka, halafu inayafungia ndani ya ile asilimia 40. Kwa kaunti kama yetu asilimia 40 ni bure.

Ningependa mjadala uhamie hapo. Kulia "tumeonewa" hakutatusaidia safari hii, na kusubiri wanasiasa wa Mlima Kenya watetee Othaya ili sisi tupite mlangoni pamoja nao ni kubahatisha. Tunahitaji marekebisho ya Katiba yanayosema wazi kwamba kaunti ndogo isipungue maeneo bunge mawili, au kwamba visiwa na mipaka ya nchi vina kipimo chao. Seneti ingeweza kulianzisha. Huko kila kaunti ina seneta mmoja, Lamu na Nairobi sawa, na hakuna anayeita hiyo dhuluma. Na wakati huo huo wanaotaka viti vyao vibaki wadai vijiji vya bara vifunguliwe: barabara isafishwe, ardhi ipimwe kwa waliokimbia na vizazi vyao, shule za Basuba ziwe na walimu wanaolala huko. Watu wakirudi Rubu na Mvundeni, sensa yenyewe itazungumza kwa niaba yetu.

Kila dalili ni kwamba kura ya Agosti 2027 tutaipiga kwenye ramani ile ile ya 2012. Baada ya hapo tume lazima ishike kalamu, na kabla ya kushika kalamu lazima ikusanye maoni ya wananchi. Nimeshaanza kuwaambia wenzangu wa Mombasa tuandike yetu mapema, tukusanye majina ya vijiji vilivyohamwa, na wazee waliozaliwa humo warekodiwe wangali hai. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba asipelekwe ukumbini Lamu mjini kuketi kwenye viti vya plastiki kungoja zamu. Makamishna waje Kiunga, anasema, na waje mwezi wa saba, kwa boti.